Maji Yaliyozidi Uzito

Nimezunguka Tanga, Unguja na Kisumu, na kila nilikofanya kazi nilimshuku mtu. Baada ya vita nilikuwa mpima mizigo katika ghala la Changamwe, na niliyemshuku ni Charo, mchukuzi wetu.

Charo aliniletea chupa mbili za maji ya maabara. Zilikuwa za ukubwa mmoja, zimejaa sawasawa na zimefungwa kwa lakiri. Sisi wapimaji tunaamini kwamba vitu pacha vikipishana uzito, kimoja kimechezewa. Nikazipima, na moja ikazidi.

"Charo, umetia nini humu?"

"Maji tu hayo, kaka. Mimi nimebeba, sikufungua."

"Basi kaa nje. Msimamizi akija, kazi huna."

Nikavunja lakiri ya ile nzito, nikayamimina maji yote kwenye kitambaa nilichokipakata, nikitafuta almasi za magendo, maana ndani ya maji hazionekani. Sikupata kitu.

Mara bwana wa maabara akaingia pamoja na msimamizi. Akaiinua ile chupa tupu.

"Haya yalikuwa maji mazito," akasema taratibu. "Kiini cha atomu za hidrojeni yake kina chembe moja zaidi. Tuna mashine inayozirusha atomu mbele ya sumaku: nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo, nasi huzitambua hivyo. Tungeijaribu kwa maji haya. Nani ameyamwaga?"

"Charo," nikajibu upesi.

Charo alikuwa mlangoni. Alinitazama suruali tu, na wale wawili wakayafuata macho yake. Ilikuwa imelowa kuanzia mapajani hadi magotini.