Nilivyombeba Eliya Ilagala

Mdogo wangu Yusta alinipigia simu kutoka Ilagala. "Dada, mwanangu Eliya anabatizwa Jumapili, na mama yake wa ubatizo ni wewe." Nilifurahi, kisha nikatazama mikono yangu. Nina baridi yabisi miaka mingi sasa. Dawa nameza, kliniki nahudhuria, lakini kuna asubuhi vidole vinakataa hata kufunga kifungo.

"Nikimwangusha je?"

Akacheka. "Njoo tu. Tukikosa mikono tutaazima."

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani Rusimbi, nikashuka Ujiji kupanda boti, maana barabara ingenitikisa viungo vyote. Ziwa lilikuwa limetulia. Mwanamke mmoja muuza mitumba, aliyevaa baibui, aliniona ninavyohangaika juu ya ubao mgumu, akanisogezea robota lake. "Kalia hili, dada. Ni masweta, hayavunjiki." Tuliongea habari za ugonjwa wangu na kisukari cha mama yake. Tulipoagana, kila mmoja aliahidi kumwombea mwenzake.

Ilagala ilinipokea kwa harufu ya dagaa walioanikwa. Mama mkwe wa Yusta alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Jioni tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, mpaka nikalegeza kitenge.

Jumapili niliamka vidole vimevimba, havikunjiki. Nililia. Nikasali sala fupi yenye hasira kidogo: Bwana, hata leo?

Mama mkwe akaingia. "Mwakeye!" alinisalimu kwa Kiha. Aliona mikono, wala hakuanza kunipa pole. Alimchukua Eliya, akamweka kifuani pangu, akatuzungushia kitenge na kukaza fundo mgongoni. "Sisi tunabeba watoto huku tumeshika jembe. Wewe unataka mikono ya nini?"

Kanisani, mchungaji aliponyoosha mikono ampokee mtoto, fundo likagoma kufunguka. Yusta alivuta, mama mkwe akavuta, waumini wakaanza kucheka. "Basi," alisema mchungaji, "inama naye hivyo hivyo." Akambatiza Eliya akiwa kifuani pangu, na maji yakatulowesha wote wawili. Nilipoulizwa kama nitamlea katika imani, nilijibu, "Nitamlea, Mungu akinisaidia," kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Moyo wake mdogo ulikuwa ukidunda juu ya wangu. Kisha akanikojolea, na kwaya ikashindwa kuanza wimbo kwa kicheko.

Jumatatu nilirudi kwa boti, vidole bado vimevimba, nikicheka peke yangu kila nilipoikumbuka ile kwaya. Nilikuwa nimeiweka akiba shukrani yangu hadi siku nitakayopona. Kumbe Mungu alikuwa ananihudumia muda wote huo, kwa mikono ya watu.

Majirani wananiuliza kama nimepona huko. Nawaambia hapana, nimerudi na ugonjwa wangu. Ila siku hizi nikiamka, asante naitoa kwanza. Vidole navijaribu baadaye.