Msamaha kwa Wezi wa Nyimbo

Ninafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari mjini Njombe, na kwa miaka mingi nimewachosha watu kwa mahubiri yangu ya programu huria. Nimewahubiria walimu wenzangu wakati wa chai. Nimemhubiria fundi aliyekuja kuziba paa langu mtaa wa Ramadhani. Siku moja nilimhubiria muuza viazi mpaka akaniongezea viazi viwili ili niende zangu. Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwamba aliyefanya upumbavu nitakaousimulia hakuwa mtu asiyejua. Alijua vizuri kabisa, na alikuwa analipwa mshahara kuwafundisha wengine.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu kuliko ule wa ualimu amekuwa mwalimu wa kwaya katika parokia ya misheni nje kidogo ya mji. Ametunga nyimbo sitini na tatu. Zote aliziandika kwa penseli, kwa nota za do-re-mi, kwenye madaftari ya shule, na chini ya kila ukurasa aliandika kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUNAKILI. Hakuwa anatania. Mwaka mmoja aliikuta kwaya ya parokia jirani ikiimba wimbo wake kwenye kipaimara. Alisimama katikati ya misa, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka walipomaliza. Padri alipomuuliza kulikoni, alisema anasubiri mali yake irudishwe.

Macho yake yalipoanza kumsumbua, nilijitolea kuziingiza nyimbo zake kwenye kompyuta. Programu huria ya kuandikia muziki nilikuwa nayo. Lakini ilikuwa na ukaidi wake katika kupanga do-re-mi, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaenda Makambako kwa fundi mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, si mbali na stesheni ya reli. Akanipa programu nyingine, ya kampuni, nzuri sana, ambayo ilikuwa imevunjwa kufuli. Nilijiambia ni ya muda tu. Likizo mbili nzima nikapiga nota, baba akiwa pembeni na blanketi mabegani, akiniimbia sauti moja moja na kunigombeza kila nilipokosea.

Nilipomaliza, nikamwambia mama, "Haya madaftari sasa ni takataka. Yote yamo humu." Nilisema kwa majivuno, huku nikiipigapiga kompyuta mgongoni. Ilikuwa Julai, na anayeijua baridi ya Njombe ya Julai hatamlaumu mama yangu. Madaftari yalikuwa makavu, na mkaa siku hizo ulikuwa hautaki kushika moto, basi akayawashia jiko mpaka yakaisha.

Oktoba paroko akatangaza jubilei ya parokia. Aliomba siku hiyo uimbwe wimbo wa kwanza kabisa wa baba, ule wa kubariki mbegu kabla ya mvua. Baba alinyoa ndevu siku mbili mfululizo, kwa hiyo tukajua amefurahi. Nikafungua kompyuta ili nichape karatasi za wanakwaya. Programu ikaniletea kisanduku cha maneno kwamba leseni imefutwa, na mafaili yote yaliyohifadhiwa kwa leseni hiyo hayatafunguka tena. Nilikuwa na nakala tatu, mbili kwenye flashi na moja kwenye kompyuta ya shule. Nikazijaribu zote. Kumbe nilikuwa nimetunza, kwa uangalifu mkubwa, makufuli matatu yanayofanana.

Nilimwambia baba kwa simu, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza.

"Baba, nyimbo zimefungwa."

"Zimefungwa wapi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nani amezifunga? Zimekosa nini?"

"Ni leseni, baba."

"Kesho tunakwenda," akasema. "Nitavaa koti."

Nilimwelewa. Alidhani tunakwenda kumdhamini mtu.

Makambako ilikuwa na upepo wake wa kawaida, ule wa kumfanya mtu atembee ameshika kofia. Fundi alimpokea baba kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Kamwene," akamsalimia kwa Kiswahili na kwa Kibena, akampa kiti cha wateja wa picha za pasipoti. Mteja mmoja alikuwa tayari amekaa kwenye benchi, mkulima wa parachichi anayesubiri kopi zake. Fundi akahangaika na faili moja kwa muda mrefu. Alijaribu toleo la zamani, akajaribu jipya, akajaribu la kutoka kwa rafiki yake wa Mbeya. Mwisho akanigeuzia uso wa mtu aliyekwama.

"Madamu, hawa jamaa safari hii wamefunga kweli."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa na hatia na sikutaka kuwa nayo peke yangu. Nikamwambia yeye ndiye chanzo, anagawia watu vitu vya wizi.

"Mimi siibi," akasema. "Mimi naikomboa. Programu imefungwa kule, mimi naifungulia, wananchi wanatumia."

"Kuvunja kufuli la mtu ndiyo ukombozi?"

"Wewe ulipokuja kuichukua uliita nini?"

Mkulima wa parachichi akacheka bila kujificha. Kama kawaida yangu nikakimbilia kwenye mahubiri. Nikawaambia kuna njia ya tatu, si kununua wala si kuvunja. Kuna programu ambazo ni bure.

"Bure kwa maana ya bila malipo," akauliza baba, ambaye alifundisha Kiswahili miaka yote ya kazi yake, "au bure kwa maana ya kazi bure?"

"Si bure hiyo, baba. Tuseme huria."

"Kama soko huria?" akadakia mkulima. "Hilo tunalijua. Aliye huru pale ni mnunuzi."

Nikaanza upya. Nikasema programu huria inampa mtu uhuru wa aina nne: kuitumia apendavyo, kuchungulia ndani aone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine. Nilihesabu kwa vidole. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza sauti ya nne, yaani besi, ikijifunza wimbo mpya, ameinamisha kichwa na haamini.

"Kutumia, sawa," akasema. "Kuchungulia, sawa. Kubadilisha, nani abadilishe?"

"Yeyote, baba."

"Yeyote! Hata asiyejua?"

"Hata asiyejua."

"Hiyo ni vurugu. Na kugawa?"

"Kugawa ndiko kunakokiokoa kitu. Kikiwa kwa wengi hakipotei."

Nilipokwisha kusema hivyo nikatamani kuyameza maneno yangu, maana mbele yangu alikaa mtu ambaye kitu chake kilikuwa kwangu peke yangu, na kimepotea. Hakunigombeza. Alifunga kifungo cha juu cha koti, akasema taratibu kwamba sauti ya kwanza ya ule wimbo wa mbegu anayo kichwani, lakini zile tatu nyingine aliziacha kwenye karatasi tangu ujanani. Wazee wa sauti ya nne wamebaki wawili, na kila mmoja anakumbuka yake. "Basi, mwanangu," akasema. "Wataimba mwingine." Hapo niliumia kuliko kama angenipiga.

Fundi akaizima mashine ya kopi.

"Samahani mzee," akasema fundi. "Hizi nyimbo zako, hakuna mtu aliyewahi kuziiba?"

"Wapo wengi!" akajibu baba kwa uchungu wa miaka. "Kila parokia ina wezi! Wamejaa mpaka ziwani!"

Kisha akanitazama, nami nikamtazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu akimwomba Mungu iwe kweli aliibiwa.

Tulikuwa na grupu la walimu wa kwaya wa jimbo zima kwenye simu. Palepale dukani nikaandika kwa adabu: mwenye nakala yoyote ya nyimbo za mzee huyu, ya mkono au ya picha, tafadhali atume. Tiki zikageuka bluu moja baada ya nyingine. Hakujibu mtu. Baada ya muda mmoja akatuma picha ya maua yenye maandishi ya asubuhi njema, na ilikuwa saa tisa alasiri. Mwingine akatuma onyo kwamba kuchaji simu karibu na mayai kunaharibu mayai. Wa tatu akaandika, "Mimi sina, sijawahi kuwa nazo, na sijui kwa nini naulizwa," wakati hakuna aliyemuuliza. Msimamizi wa grupu, katekista mmoja mkali, akatukumbusha tuzingatie mada.

"Wanaogopa," nikamwambia baba. "Wanakumbuka zile ngazi za kanisa."

Baba akaomba simu. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akakohoa, akaketi wima, akasema kwa sauti ile ya darasani:

"Tumsifu Yesu Kristo. Ninayesema ni mwenye nyimbo. Natoa msamaha kwa wezi wote wa nyimbo zangu, wakubwa kwa wadogo. Aliyenakili kwa mkono amesamehewa. Aliyepiga picha daftari nikiwa chooni siku ya semina, na namjua, amesamehewa. Msamaha huu unahusu wizi wa zamani. Wa sasa haumo. Asanteni."

Tulikuwa bado tunaagana na fundi simu ilipoanza kulia, na haikunyamaza mpaka Njombe. Zilikuja picha za kurasa zilizokunjwa, zenye nta ya mishumaa, zenye alama za vikombe vya chai. Neno MARUFUKU lilikuwa limenakiliwa kwa uaminifu katika kila moja. Aliyesema hana na hajawahi kuwa nazo alituma kumi na tisa. Kwa siku nne baba alivaa miwani yake miwili kwa pamoja, akazikagua kama mitihani. "Huyu kaongeza beti," alikuwa akilalamika. "Huyu kashusha sauti ya wimbo kwa sababu soprano wake ni wavivu." Mama alikuwa anachambua maharage pembeni, na kila alipotazamwa aliinamia ungo. Hakuna aliyemsema, na mimi nilikuwa wa mwisho kuwa na haki hiyo.

Zilikuja nyimbo hamsini na nane kati ya sitini na tatu. Ule wa mbegu haukuja.

Siku ya tano ukafika ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja, mwalimu wa kwaya huko Ludewa, upande wa ziwani. Alizungumza polepole, kwa heshima. "Shikamoo mzee. Huu nadhani si wako, maana huku tumeupokea umeandikwa mtunzi hajulikani. Lakini ni mzuri, nikaona nisikuache bila kitu." Alituma karatasi yenye madoa ya maji, na pamoja nayo kwaya yake ikiimba.

Baba aliisogeza simu puani. Midomo ikaanza kucheza kabla hajasema neno.

"Ni wenyewe," akasema. Halafu akafoka, "Nyavu! Wameweka nyavu! Mimi nilisema bariki mbegu, hawa wanasema bariki nyavu!"

"Ni wavuvi, baba. Mbegu wangezipanda wapi?"

Alikuwa amebonyeza kwaya isikike. Aliusikiliza wimbo wote, akaurudia. Mara ya tatu aliinua kidole ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu.

"Hii sauti ya nne si yangu," akasema.

"Tuirudishe iliyokuwa?"

"Ya kwangu ilikuwa inakaa tu chini. Hii inatembea." Akaimba kidogo ile sauti ya nne ya watu wasiomjua, akaishiwa pumzi, akacheka, halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa kona ya blanketi bila kuyaonea haya. "Mwizi huyu anajua kazi."

Nikafungua programu huria, ile yenye ukaidi, na safari hii nikautuliza moyo. Nikapiga nota zote nne, pamoja na sauti ya nne inayotembea. Nikauliza niandike mbegu au nyavu.

"Andika zote mbili. Sisi tutaimba mbegu, wao waimbe nyavu."

"Na haya maneno ya marufuku chini?"

"Yaache kwanza nifikirie." Akafikiri. "Yafute."

Nikafika juu ya ukurasa, mahali ambapo karatasi ya Ludewa iliandikwa mtunzi hajulikani. Nilijua atataka jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, kwa herufi kubwa. Nikaweka vidole tayari.

"Andika yupo," akasema.

"Yupo?"

"Mtunzi yupo. Na kama kuna mwingine anataka kubadilisha, aharakishe, nami nipate kuusikia."