Mtunza uwanja wa Chesswood na ombi kutoka ng'ambo ya reli

Ni Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Télesphore Kashindi anavuta reki juu ya udongo mwekundu wa uwanja wa besiboli wa Shule ya Sekondari Chesswood, eneo la Downsview, Toronto. Anafuta alama za viatu vya jana. Anavuta polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Leo hakuna mechi, na haitakuwapo tena. Uzio wa waya umeshazungushwa. Jumatatu mashine zitaingia kuuchimba uwanja huu, zijengwe nyumba za ghorofa.

"Najua," anasema kabla hajaulizwa. "Lakini siwezi kuuacha umechafuka hivi."

Mwalimu wa michezo, Lynette, anapita akielekea ofisini. Anaweka kikombe cha chai kwenye benchi, anakifunika kisipoe, anaenda zake.

Télesphore ana miaka hamsini na minane. Ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Alifika Toronto na mkewe, Godelive, na mtoto wao wa pekee, Ismaël, baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Chesswood ilimpa kazi ya usafi na ya kutunza viwanja.

Besiboli hakuijua kabisa. Majira yake ya kwanza, theluji ilipoyeyuka, aliona kitu kikamkera.

"Niliona kichuguu katikati ya uwanja," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Nikasema, watoto wa watu wataanguka hapa. Nikachukua beleshi, nikakisawazisha, nikapanda na majani juu yake. Nikajisifu!"

Kumbe kichuguu kile ndipo anaposimama mrushaji wa mpira. Na kesho yake ilikuwa mechi na Tippett, shule ya ng'ambo ya reli, wapinzani wa Chesswood tangu enzi za wazazi wa wanafunzi wa sasa.

Kocha wa Tippett, Naushad, aliposhuka kwenye basi angeweza kudai ushindi wa bure, maana uwanja haukufaa kuchezewa. Badala yake aliwaambia vijana wake washike mabeleshi.

"Bibi yangu alikuwa mtu wa Mwanza," anaeleza Naushad kwa Kiswahili cha kujikongoja, alichofundishwa nyumbani. "Alisema, mgeni akikosea, saidia kwanza, cheka baadaye. Basi tulijenga kile kilima. Halafu tulicheka sana, sana."

Ismaël alikua, akaingia timu ya Chesswood. Tippett walivaa kijani, nao waliwaita Chesswood "Maghala" kwa sababu ya majengo yanayoizunguka shule yao. Ismaël akawatafutia jibu.

"Sombe!" alipiga kelele. "Sombe ya jana!" Wenzake, watoto wa Kifilipino, wa Kijamaika na wa Kivietinamu, wakaitikia bila hata mmoja kuwahi kuonja sombe, yaani kisamvu cha Kikongo.

"Misimu miwili tunaitwa sombe, hatujui ni nini," anasema Naushad. "Tulidhani ni tusi kubwa mno. Kumbe mboga!"

Godelive aliposikia aliona haya. Alipika sufuria nzima ya sombe, akaibeba kwenye basi hadi uwanjani, akawapakulia vijana wa kijani. Ismaël akalalamika kwa Kiingereza kwamba mama yake anawalisha maadui.

"Nikamwambia, adui gani huyu ana njaa hivi?" anakumbuka Godelive.

Mwaka wa mwisho wa Ismaël shuleni, Chesswood waliifunga Tippett kwa pointi moja. Picha ya timu ile bado iko ukutani, karibu na maktaba. Jioni ile kijana alimwambia baba yake, "Baba, siku ukiniona nimevaa kijani, ujue si mimi."

Ugonjwa wa damu ulimchukua akiwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini. Télesphore alidhani jeneza halitaweza kupita hadi kanisani. Alipofika alikuta njia imesafishwa hadi lami inaonekana. Vijana wenye majaketi ya kijani walikuwa wakimalizia ngazi. Ibada ilipoanza walisimama nyuma, viatu vyao vimelowa.

"Sikuwashukuru," anasema. "Nilipita tu, nikaingia kanisani."

Makaburi yako mbali, ni mabasi mawili. Hapa, anasema, ndipo anapomwona mwanawe. "Pale, kituo cha tatu cha wakimbiaji. Anakimbia, kofia imeanguka, mama yake anamwita arudi kuiokota. Godelive hakuuelewa mchezo huu hata siku moja."

Jana ilikuwa mechi ya mwisho. Lynette alipata wachezaji saba tu, wengine wanafanya kazi baada ya masomo. Sheria inataka tisa. Naushad akawatuma vijana wake wawili wavue kijani na kuvaa nyekundu ya Chesswood.

"Walitutandika," anasema Télesphore. "Na waliocheza vizuri kwetu ni wale wawili wa kuazima."

Baada ya mechi Naushad alimfuata. Mtunza uwanja wa Tippett anastaafu, na mkuu wa shule amekubali. "Njoo kwetu, Mzee. Uwanja wetu una mawe. Nipe jibu kesho."

Akikataa, kuanzia Jumatatu atafanya kazi ndani, kwenye korido na vyoo vya Chesswood. Akikubali, atavaa jaketi la kijani.

Saa mbili Godelive anawasili kutoka zamu yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anakaa kwenye benchi, anavua viatu, anasugua miguu.

"Umemjibu?" anauliza.

"Bado."

"Baba Ismaël, hapa Jumatatu patakuwa shimo. Mtoto utamtafuta kwenye korido?"

"Na kule kwa kijani nitamtafuta wapi, Mama Ismaël?"

"Kule hutamtafuta. Kule utafanya kazi."

Télesphore anaegemeza reki kwenye uzio. Treni ya mizigo inapita. Kisha anatoa simu, anampigia Naushad, na mazungumzo yenyewe ni mafupi: "Ndiyo. Nitaanza Jumanne. Asante. Na asante kwa ile theluji."

"Haina neno, Mzee," Naushad anajibu.

Ameshapanga kazi. Ataokota mawe wiki nzima, kisha atapanda majani kabla joto halijakolea, ili watoto wakimbie bila kujikwaa.

"Nitawatengenezea uwanja mzuri kuliko huu," anasema. "Ila wakishinda, kupiga makofi siwezi. Hilo wanipe muda."