Komeo Lililolala kwenye Ulezi

Mimi nikianza kitu siwezi kukaa mpaka kiishe. Mke wangu anasema nina funza miguuni. Tangu nistaafu uaskari wa wanyamapori kule Ikoma, kinachonituliza kidogo ni kufufua bunduki za zamani za jeshi la Mwingereza, zile zilizovikwa mbao mpaka karibu na mdomo wa mtutu, zenye alama ya taji kwenye chuma. Ninazo mbili, zote za kibali. Nazitoa kutu kwa mafuta ya taa, nazipiga msasa, halafu nakaa nazitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe mpya. Lakini iliyoninyima usingizi ni ya tatu, ya baba.

Baba aliinunua kwa bwana nyama mmoja, afisa wa wanyamapori, aliyekuwa anastaafu. Alikuwa na wake wawili, na bunduki aliigawa kama alivyogawa mashamba. Mwili wa bunduki ulilala nyumba kubwa, kwa mama yangu. Komeo, kile chuma chenye mkono kinachosukuma risasi ndani, lililala nyumba ndogo, kwa mama mdogo. Bila komeo bunduki ni mchi tu. Yowe la wizi wa ng'ombe likipigwa, baba alilazimika kupita milango miwili kabla hajatoka. Tuliambiwa ni kwa ajili ya wezi: wakivunja nyumba moja, waambulie nusu. Tukaona mzee ana akili.

Baba alipofariki, na mama akamfuata, nilihangaika na kibali mpaka kikawa kwa jina langu. Lo, mbao ile! Mama aliipaka samli miaka yote, kwa nia njema kabisa, na samli ikashikana na vumbi ikawa nyeusi tii. Nilikwangua mpaka vidole vikavimba. Chini yake ukatokea mti mwekundu, mzuri mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

"Nimeona," akasema. "Na chakula kimepoa."

Ila mahali pa komeo palikuwa wazi, na uwazi ule ulinikera kama pengo la jino. Nikaenda kwa mama mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umefuata chuma."

"Ndiyo, mama."

"Hakitoki."

Nilirudi tena na tena. Nilimpelekea sukari, nikampelekea kitenge, nikampandishia na sauti, Mungu anisamehe, maana hasira nimezaliwa nazo. Ukoo mzima husema nimemchukua baba mzima mzima. Wakati huo mwanawe, mdogo wangu, alikuwa amerudi kutoka Nyamongo, machimbo yamemshinda, na tulikuwa hatusemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikamwambia mama mdogo usoni kwamba ananinyima ili kumpendelea mwanawe. Akaingia ndani, akazamisha mkono kwenye chungu cha ulezi, akalitoa komeo, kavu, halina hata doa la kutu.

"Haya. Ukichoka nalo, unajua linakolala."

Lilipoingia mahali pake, nilifungua na kufunga mpaka mke wangu akaniuliza kama nimerudia utoto. Nilifurahi, sikatai. Nilidhani sasa nitatulia. Wapi! Nilikuwa naichukua hata kama haina kazi, naiweka, naichukua tena.

Asubuhi moja nilikuwa barazani naifuta, nikamwona mdogo wangu amevuka mkonge wa mpaka na maksai wake, jembe limeshang'oa mihogo yangu mstari mzima. Damu ikanipanda. Nakumbuka umande ukinilowesha suruali, na mke wangu akiniita kwa nyuma. Nilimfikia huku nikimtukana. Naye akaachia kamba za maksai, akanyanyua mikono.

Nikashangaa. Huyu, ambaye tangu utotoni hajawahi kuniachia neno la mwisho, leo ananyanyua mikono? Ndipo nikajitazama. Kitako cha bunduki kilikuwa begani kwangu, na nilikuwa nimeshaikoki. Sikumbuki kukoki. Haikuwa na risasi. Yeye hakulijua hilo, na nikisema ukweli, wakati ule hata mimi sikulijua.

"Kaka," akasema polepole, "chukua shamba."

Nilichomoa komeo pale pale, nikapita kando ya maksai mpaka kwa mama yake. Alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikaliweka komeo kwenye ungo wake, nikamweleza yote bila kuficha. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

"Baba alikuwa na akili, mama," nikasema. "Sisi tulidhani ni wezi tu."

"Wezi gani?" Alilifuta komeo kwa pindo la kanga. "Mura, hakuna mwizi aliyewahi kuuliza bunduki ya baba yako iko wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea hiki chuma, akilia kama wewe unavyolia. Akasema nisimpe hata akipiga magoti, mpaka nimwone hana hasira."

"Alikuwa amefanya nini?"

"Alikuwa amemnyooshea mama yako bunduki. Nawe ulikuwa umebebwa mgongoni kwake."

Akaingia ndani, akalizamisha komeo kwenye chungu, akarudi kupepeta.