Nilimwambia Mama Koku Amezeeka

Tangu Jumamosi natamani kuuza vifaa vyangu vyote nikalime migomba. Mimi ni fundi wa kurekodi muziki. Studio yangu ni chumba kimoja cha nyumbani hapa Bilele, kimezungushiwa magodoro ukutani. Kwaya ya kanisa ilikuja kutoka Muleba, nikawa namvalisha hedifoni kila anayeimba mstari peke yake asikie sauti yake, ngoma ikipigwa kando.

Kiongozi wao, Mama Koku, anaimba tangu sijazaliwa. Ajabu, kila akianza mstari wake, ngoma inamwacha. Mara ya tatu nikamwambia mbele ya wenzake: "Mama, uzee haufichiki. Kapumzike, binti yako ashike nafasi."

Akavua hedifoni, akakaa pembeni, akajifuta macho kwa kitenge.

Binti akazivaa, naye akachelewa! Nikafoka: "Ukoo mzima hamna masikio?"

"Waitu, fundi," Mama Koku akanisihi taratibu kwa Kihaya chake, "hebu zivae hedifoni wewe."

Nikazivaa kwa madaha, mpiga ngoma akaanza, nami nikaimba. Sauti yangu ikanifikia masikioni imechelewa. Nikaisubiri, na nilipoisubiri ngoma ikaniacha. Hapo ndipo nikakumbuka: asubuhi niliiongezea kompyuta muda wa kuchakata sauti ili isikwame, nikasahau kuurudisha.

Nikajikaza kuimba tena. Nikaachwa tena, kwaya nzima ikisikia.

Mama Koku akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Pole mwanangu," akasema. "Na wewe uzee umekuanza lini?"