Wa Kulia Akawa wa Chini

Nilikwenda kufanya kazi kwa mwenye duka moja la kompyuta, kutoa kopi na kufagia, katika chumba cha juu huko Mkunazini, mjini Unguja. Nilikuwa nimesoma skuli ya msingi tu. Yeye alitengeneza kurasa za mtandao kwa ajili ya hoteli za pwani, na wateja wakishaondoka nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake, natazama. Siku moja alisema bila kugeuka, "Mtu akisimama nyuma yangu nasahau nnachoandika. Vuta kiti."

Hakunifundisha kwa maneno mengi, na mimi si mtu wa kuuliza. Nilichokielewa kwanza ni gridi. Upana wote wa ukurasa hugawanywa sehemu kumi na mbili, ziitwazo safu, na kila kitu unachokiweka hupewa safu zake: picha hii tatu, maandishi yale sita. Hupimi kwa sentimita. Unataja sehemu tu, na skrini ikiwa pana sehemu hupanuka, ikiwa nyembamba hunywea. Ikifika wembamba wa simu, vitu vilivyokuwa vimesimama bega kwa bega hushuka, kimoja kikakaa chini ya kingine. Mpango wenyewe umeshaandikwa na watu wa mbali. Kazi yako ni kuweka maneno yao pale yanapotakiwa. Maneno hayo ni ya Kiingereza. Niliyajua kwa sura, kama mtu anavyozijua nyuso za mtaani bila kujua majina.

Na mtaani kwangu, Kikwajuni, sikuwa na jina la mtu hata mmoja. Nilipanga chumba. Mwenye nyumba akinisalimu nilijibu, na salamu ikiisha sikuwa na la kuongeza. Zilipita siku nzima ambazo sauti yangu niliitumia kununulia mkate tu.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, kijijini Paje. Yeye ni mkubwa wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani na kutengeneza sabuni zake. Hakupenda nikae mjini. Aliwaambia watu kwamba kijana anayeshinda chumbani na kompyuta, hamwoni mtu wala haonwi na mtu, hafanyi kazi, anaumwa. Nikamwomba aningoje niwatengenezee kikundi ukurasa wao, auone kwa macho yake.

"Nitauona," alisema. "Nikiona ni kazi, kaa. Nikiona si kazi, unarudi nyumbani."

Niliwapiga picha yeye na wenziwe watatu, kila mmoja na anachokifanya: huyu anafunga mwani kwenye kamba, huyu anaanika, huyu anakoroga sabuni, na yeye mwenyewe anaikata. Mjini nikaziweka picha nne katika mstari mmoja, kila moja safu tatu. Mama mkubwa nikamweka mwisho wa mkono wa kulia. Sikufikiri mara mbili. Mimi nilianza chuo cha Kurani kabla ya skuli, na tangu msahafu jicho langu huanzia kulia. Tena kulia ndiko anakokaa mwenye heshima. Kushoto kabisa nikamweka msichana aliyejiunga mwaka huo huo.

Nilivuta ukingo wa dirisha la kompyuta, nikalipunguza taratibu. Picha zikanywea pamoja, kisha zikashuka moja chini ya nyingine, hakuna hata moja iliyotokeza nje. Nikalipanua, zikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, peke yangu, na nilifurahi. Nilichokuwa nakiangalia ni kama zinaenea. Sikuangalia nani yuko juu ya nani.

Paje niliwakuta kwenye banda la sabuni. Hakuna aliyekuwa na kompyuta. Walifungua kwenye simu zao. Yule msichana ndiye aliyecheka kwanza.

"Mimi ndo wa mwanzo! Haya, nipeni funguo za ghala."

"Na Bi mkubwa yuko wapi?" mwenziwe akauliza. "Simwoni."

"Endelea kushuka. Shuka tu. Huyo, chini kabisa, kakaa kama mlinzi wa geti."

"Mtoto umemlea mwenyewe, Bi mkubwa, na yeye ndiye aliyekupindua."

Walicheka bila ubaya. Mama mkubwa naye alitabasamu, akaipokea simu. Kidole gumba chake kimepasuka kwa maji ya chumvi, na skrini ilikuwa haimsikii vizuri. Alisukuma picha ya msichana, akasukuma ya pili, akasukuma ya tatu, mpaka akafika kwake.

"Mimi huyu," alisema.

Akairudisha simu. Nilitaka kumwambia kwamba kwenye skrini pana yuko kulia, kwamba nilimpa pahala pazuri kuliko wote. Kompyuta, wakati picha za mstari mmoja zinapogeuka kuwa za kwenda chini, huanza na aliyeandikwa kwanza, na mimi nilimwandika mwisho. Yote hayo yalikuwa tayari kichwani, hayakutoka. Alisema maji ya bahari yameshaanza kutoka, akachukua kamba zake, akaenda shambani pwani. Hakuniambia kaa wala rudi.

Ijumaa duka lilikuwa limefungwa. Baada ya sala nilichukua ufunguo, nikapanda juu. Nilimhamisha mama mkubwa nikamwandika wa kwanza, kisha nikatafuta, neno kwa neno, amri ya kuugeuza mstari ili skrini ikiwa pana uanze kulia. Ilinichukua mchana wote, kwa sababu ninaandika kwa kidole kimoja na nikikosea herufi hakuna kinachotokea, wala hakuna wa kukwambia ulipokosea. Kulipokaribia magharibi nilivuta ukingo wa dirisha. Kwenye upana alikuwa kulia. Kwenye wembamba alikuwa juu. Nikageuka kana kwamba kuna mtu nyuma yangu.

Ningeweza kumtumia kwa simu. Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa peke yake bandani, anakata sabuni. Nikamwamkia, akaitika, akafuta mikono kwenye kanga. Nilimpa simu yangu. Alijiona mara moja, pale juu, hakuhitaji kusukuma.

"Kwenye kompyuta uko kulia, mama," nilisema. "Hata mara ile ulikuwa kulia."

Aliitazama picha, akanitazama mimi. "Zinajisogeza zenyewe hizi?"

"Mimi ndiye nnayeziambia."

"Na huko mjini unazungumza na nani?"

Nikasema na mwenye duka.

"Anasemaje?"

"Hasemi sana."

Alizishusha picha za wenziwe mpaka mwisho, akazipandisha tena, taratibu, akihakikisha kwamba kila mmoja yupo. Kisha akanirudishia simu.

"Ni kazi," alisema. "Basi kaa huko."

Hilo ndilo nililolifuata Paje. Nikaitika, "Naam, mama." Lakini sikuondoka mlangoni. Nilingoja kidogo, pengine ataongeza neno, pengine ataniuliza kama nimekula, au ataniambia nilale. Alikuwa ameshashika kisu, anaupima mche wa sabuni kwa jicho, na mimi sikujua namna ya kuomba.