Ndege Ambao Sikuwaona

Shuleni kwetu Sange tulikaa kwa pointi. Wenye pointi nyingi mbele, chini ya pua ya mwalimu. Wajinga nyuma kabisa, ukutani. Matokeo yakitoka tulihamishwa upya. Mimi darasa la tatu nilianzia katikati. Nikashuka benchi moja, nikashuka lingine, mpaka nikagota ukuta.

Na kila niliposogezwa nyuma, maandishi ya tablo yalizidi kuyeyuka, hata ukabaki weusi mtupu wenye vumbi la chaki. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, jamani? Nilidhani watu wote wanaona hivyo. Niliamini wenzangu hawasomi pale mbele, wanajua tu. Mungu aliwapa wao vichwa, mimi akanipa boga. Mwalimu akisema "Soma!" niliinuka, nikakunja macho, nikabahatisha. Darasa zima lilicheka mpaka wengine wakapiga meza.

"Weye, unamukunjia nani sura?" mwalimu aliniuliza, na fimbo ikafuata. Fimbo niliizoea. Kile kicheko sikukizoea hata siku moja.

Mwisho wa mwaka ikaja proklamasyo, siku ambayo direkta wa shule anasoma matokeo kwa sauti mbele ya wazazi wote. Kwetu mtoto aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, akarudi nyumbani mweupe pe, barabara nzima imjue. Mama alikuja na kitenge chake cha kanisani na kopo jipya la poda mkononi. Majina yakasomwa, vigelegele vikapigwa, vumbi la poda likajaa uwanjani. Langu likaja mwisho kabisa: nadubla, narudia darasa lilelile. Nilimtafuta mama kwa macho nisimpate, ila nilipomkaribia nilikuta ameshalificha lile kopo ndani ya kitenge. Ee Mungu wangu, heri angenipiga! Tulitembea mpaka nyumbani tukipishana na watoto weupe.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akitungoja mlangoni. Huyo hakuwa na breki mdomoni. "Si niliwaambia? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama yake shule ilimushinda darasa la pili, sasa huyu mulitaka awe nani?"

Mama alichukua ungo, akainama, akaanza kupepeta mchele. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alikata shauri palepale: shule basi. Nitaenda kuwinga ndege mpungani, angalau nisaidie tumbo langu.

Nililia usiku, asubuhi nikaenda. Kuwinga ndege si kazi ya akili: unapiga debe, unarusha udongo, unapiga kelele. Watoto wadogo kuliko mimi waliiweza. Nami nikashindwa hata hiyo! Baba alipofika alikuta ndege wamejazana kwenye mpunga wake, wanakula kama wako harusini, nami nimeketi na debe langu nimetulia.

"Hauone ndege wale?"

"Ndege gani, baba?"

Akadhani namchezea. Alivunja kijiti, nami nikafumba macho kungoja. Mama alikuwa akipalilia karibu yetu. Akatupa jembe.

"Unamuonea mutoto bure!" alisema kwa hasira. "Nani anaweza kuona ndege toka huku? Hata minye mwenyewe sione."

Mkono wa baba ukabaki juu. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akautazama mpunga, na ule mkono ukashuka wenyewe.

"Mama watoto," alisema taratibu, "pale iko ndege mingi sana. Kila muntu anaziona."

Wiki ile tulishuka Uvira kwa daktari wa macho. Alinivalisha fremu nzito, akawa anabadilisha vioo, na herufi za ukutani zikatokea moja moja mpaka za chini kabisa. Nilizisoma zote bila kubahatisha. Baba aliguna tu, kisha akasema nitarudi shule. Daktari akamgeukia mama, naye ajaribu. Mama alikataa katakata. Alisema yeye hakusoma, asije akachekwa na watu. Daktari akambembeleza ataje zile anazozikumbuka tu.

Alivaa ile fremu.

"A," alisema. "O. M." Akaishia hapo. "Mwalimu alisema kichwa yangu iko na mawe. Na minye nikaamini mpaka leo."

Uwezo wa baba ulifika miwani moja. Mama hakungoja kuulizwa, aliivua ile fremu mwenyewe, akamrudishia daktari kwa mikono miwili, akaniambia, "Basi, weye utasoma." Niliona haya kumtazama usoni. Nilitazama ukutani, na sasa bila vioo sikuona hata herufi moja.